Kisu Kinachofunga

Mume wangu ni fundi wa makochi, na mtaa mzima unamwita Sponji. Hata mama yake mzazi ameshazoea. Jumamosi ile nilikuwa nimechoka naye kabla hata ya saa nne asubuhi, maana tulishaingia maduka mawili na kutoka mikono mitupu. Tunatafuta nini? Kisu. Kisu cha kukunja, cha bei ya chini, cha kutia mfukoni. Si almasi, jamani!

Cha bei ya chini kwa sababu visu vyake havikai. Anakata kitambaa, anakiweka kisu pembeni, anapigilia misumari, kesho yake kisu kimeshonewa ndani ya kochi la mtu. Nusu ya makochi ya mji huu yana visu tumboni, na wenyewe wanayakalia wala hawana habari.

Lakini safari hii alikuwa amekula kiapo: hanunui kisu ambacho hajakishika, akakifungua na kukifunga kwa mkono wake mwenyewe. Sababu naijua vizuri. Miezi miwili nyuma aliagiza kisu kwa simu, nami nimekaa pale pale nasikia. Akauliza, "Kinafunga lakini?" Muuzaji akajibu, "Kinafunga vizuri sana, fundi, ondoa shaka." Sponji alikuwa anauliza kama ubapa ukishafunguka unajifunga, unabaki imara usirudi. Muuzaji akaelewa anaulizwa kama kinakunjika vizuri kikaingia mfukoni. Wote wawili walisema kweli. Kisu kikafunga vizuri sana, katikati ya kazi, juu ya shina la kidole gumba cha mkono wa kulia. Alishonwa nyuzi saba.

Nyuzi zilishatolewa. "Nimepona," alikuwa anamwambia kila aliyemuuliza, na mimi nikawa naitikia nyuma yake, "Amepona kabisa." Jumatatu alitakiwa aanze viti arobaini vya ukumbi wa mikutano, kazi ambayo hajawahi kupata mfano wake. Msimamizi wa ukumbi alikuwa ameshasema wazi: kama mkono bado, nipigie mapema nimtafute fundi mwingine. Ndiyo maana niliacha nguo kwenye beseni nikamfuata. Nilitaka kisu kipatikane, Jumatatu ifike, roho yangu itulie.

Duka la kwanza visu vilikuwa ndani ya plastiki ngumu, ile ambayo ili uifungue unahitaji kisu. "Ukifungua umenunua," alituambia muuzaji, macho kwenye simu yake. Duka la pili vilikuwa ndani ya kabati la kioo, ufunguo anao bosi, na bosi kasafiri. Nikamuuliza yule dada wa pale, sasa mnauza au mnaonyesha? Akacheka. Mimi sikucheka.

Duka la tatu walimpa kimoja mkononi. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, tumemaliza. Akakigeuza geuza, akakifungua kwa kucha za mkono wa kushoto, akanipa mgongo kidogo, akakirudisha. "Kizito," akasema. La nne: "Mpini unateleza." La tano akaniambia rangi haimpendezi.

"Rangi?" nikamwambia pale pale barabarani. "Wewe baba, unanunua kisu au unaposa? Saa sita hii, maduka yanafungwa, miguu yangu inawaka moto!"

"Kama umechoka, rudi nyumbani."

"Sirudi."

Akatembea mbele yangu, haraka haraka, mkono wa kulia mfukoni. Nikawa namfuata huku nanung'unika, nusu nakimbia.

Duka la sita lilikuwa la vifaa vya ujenzi, jembamba, limejaa mabomba. Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakuwa na makuu. Akamwaga visu kumi na kitu juu ya meza. "Shika, fundi. Kisu ni kama kiatu, lazima ukijaribu." Nikampenda mzee yule.

Sponji akachagua kimoja cha mpini mweusi, akakifungua. Ubapa ukalia ta! ukasimama. Akaukandamiza mezani, haukurudi. Uso wake ukafunguka, na mimi nikaanza kufungua mkoba.

Mzee akasema, "Sasa kifunge. Bonyeza hicho kichuma cha pembeni kwa kidole gumba."

Sponji akaweka kidole gumba. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, mabega yakapanda, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kidole kilikuwa kimekaa tu juu ya kile kichuma.

"Ni kipya hicho," mzee akasema taratibu, akiangalia mabomba yake. "Vipya huwa vigumu."

"Kigumu kweli," Sponji akasema. "Una vingine?"

Na mimi, kwa haraka zangu na hasira zangu za tangu asubuhi, nikamnyang'anya. "Hebu lete hapa, tutalala dukani!" Nikaweka kidole gumba changu, nikagusa. Nasema nikagusa, maana hata kubonyeza sikubonyeza. Kisu kikajikunja kikalala kiganjani mwangu.

Mungu wangu. Laiti ningejifanya kinanishinda. Ningekunja uso, ningeng'ang'ana nacho, ningemwambia mzee visu vyako vibovu. Badala yake nilikuwa nimesimama pale, kisu mkononi, kimekunjika.

Sponji alikitazama kisu, akanitazama mimi.

"Kumbe chepesi," akasema.

Akavikusanya visu vya mzee wa watu, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto, akavipanga vizuri mezani. Halafu akaniomba simu ampigie msimamizi wa ukumbi.