Kabati Moja, Mama Wawili

Leleshwa, kichaka cha mlimani kwetu, haiishi harufu hata ikikauka. Ikiwa mbichi hunukia kwa upole, lakini majani yakishakuwa meupe na mepesi kama karatasi ndipo yanapokushika puani, ukali kidogo, utamu kidogo, kama dawa iliyopitishwa juu ya moshi. Mimi naishi Kitengela, na kinachonukia hapa ni simiti mbichi na vumbi la lori. Lakini fungua sanduku lolote lenye leleshwa mbele yangu nami ni mtoto tena, kule kwetu Kona Baridi, upepo ukipiga mabati na ukungu umelala juu ya mlima mpaka ng'ombe hawaonekani. Shule nilipita tu, kama mtu anayepita boma la watu akielekea kwake. Kilichonifundisha mambo ya nyumba ni kabati.

Kabati hilo baba alilitoa kwa fundi Kajiado, likaja juu ya lori limefungwa kamba kama fahali. Lilikuwa la mbao nyekundu, na mlango wake ulilia kila ukifunguliwa. Baba alikuwa na wake wawili na akanunua kabati moja. Watu wakacheka. Alilisimamisha katika nyumba ya mabati aliyoiita nyumba ya wageni, akasema nguo zote za kulalia na za kutandika za boma zima ziwekwe humo, ziepukane na moshi wa jikoni. Rafu ya juu ikawa ya mama yangu, ya katikati ikawa ya mama mdogo, Naserian, aliyekuwa ameolewa mwaka ule kutoka Entarara, kule chini ya mlima Kilimanjaro ambako watu wanalima. Rafu ya chini ilikuwa ya mablanketi mazito. Ufunguo ulikaa shingoni mwa mama yangu, kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Nieleze kitu kimoja kwa wasiojua desturi yetu. Mke akija, wa nyumbani humpa mnyama, na kuanzia siku hiyo yule aliyetoa na yule aliyepokea huitana kwa jina la zawadi hiyo. Mama alimpa Naserian kondoo jike. Basi wakawa wanaitana Paker, yaani wa kondoo, wewe Paker na mimi Paker, mchana kutwa. Hakuna aliyemwita mwenzake mke mwenza. Jina hilo lilikuwa ua la miiba linalozuia wivu usiingie.

Naserian alileta vitambaa vya kufuma, vyeupe kama maziwa, vya kuwekwa juu ya viti na meza. Sisi tulikuwa hatujaviona. Mama yangu, aliyezoea mablanketi na shuka nyekundu, alivishika kwa ncha za vidole kama anayeshika yai. Msimu wa mvua ndefu ulipofika, mama mdogo alikuwa na mimba ya kwanza, na juu ya vitambaa vile akaongeza shali na vijinguo alivyovishona mwenyewe. Kisha akaenda kwao Entarara kusalimia.

Mvua ile ilikuwa mbaya. Ukungu uliingia hadi ndani ya kabati, nguo zikaanza kunuka uvundo, na siku moja mama akaona nondo anaruka kutoka rafu ya katikati. Alinichukua tukaenda mlimani, tukavunja leleshwa mpaka mikono ikanuka, tukaianika karibu na moto. Ilipokauka akaitandaza katikati ya nguo zote, kila mkunjo na majani yake, hata za mwenzake. Hata za mtoto ambaye hajazaliwa.

Naserian aliporudi alitaka shali yake. Alipoikunjua, majani yakamwagika miguuni. Nilikuwa mlangoni nikamwona akiruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mama Nashipae," aliita. Nashipae ni mimi. Mama alishtuka, maana hakuitwa Paker. "Nani ameweka dawa kwa nguo za mtoto wangu?"

"Dawa gani? Hiyo ni leleshwa."

"Kwetu majani hayaingii kwa nguo ya mtu bila sababu."

"Sababu ni nondo."

"Hiyo nondo yako iko na miguu mbili," Naserian akasema. "Na ufunguo iko nayo shingoni."

Baba alikuwa nje ananoa panga. Aliingia, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema, "Mimi nilileta kabati, sikuleta vita," kisha akatoka kwenda kwa mbuzi wake. Mwanamume na panga mkononi, amekimbia shali ya mtoto.

Msinicheke mkiona nalikuza jambo dogo. Naserian alianza kufunga mzigo. Alisema atazalia kwao. Mke mwenye mimba akiondoka bomani kwa sababu ya majani ndani ya nguo, habari humtangulia njiani. Mama yangu angeitwa mchawi Jumapili ile ile kanisani, na jina hilo halifuliwi. Watoto wake wangeitwa watoto wa mchawi. Mimi nani angenioa? "Kikulacho ki nguoni mwako," Naserian alikuwa akirudia huku akivuta kamba, kwa sauti ya kusikika.

Asubuhi jua lilitoka, la kwanza baada ya siku nyingi. Mama alifungua kabati, akaanza kutoa kila kitu. Alitandika ngozi kavu uani na kutandaza juu yake rafu yake yote, mkunjo kwa mkunjo. Blanketi la baba, majani. Shuka la wageni, majani. Blanketi dogo la kaka yangu aliyekuwa bado ananyonya, majani. Naserian alisimama na mzigo wake kichwani, hakukaribia, hakuondoka. Mwisho mama akatoa kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukiona, shuka jeupe jipya lililokuwa nyuma kabisa ya rafu. Akalikunjua. Majani yakaanguka.

"Hii ni ya siku yangu ya kuzikwa," alisema. "Niliweka mwenyewe ili nisisumbue mtu. Kama hii kitu ni uchawi, Paker, basi nimejiroga, nikaroga mtoto wangu, nikajiroga mpaka kaburini. Sasa nenda kama unaenda."

Naserian alishusha mzigo polepole. Alichukua ncha ya shuka lile, akanusa, akanusa tena.

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nakufundisha kazi ya nyumba."

"Ningesema," Naserian akakubali, na wote wawili wakacheka kile kicheko cha watu waliokuwa karibu kuanguka wakashika mti.

Siku ile walipanga kabati upya, na mpango huo ndio ninaousifia hadi leo. Hakukuwa tena na rafu ya nani. Vizito vilikaa chini, vya wageni vikakaa usawa wa macho, vya mtoto vikakaa mbele ambapo mkono unafika haraka, mgongo wa mkunjo ukitazama mlango ili uvute kimoja bila kuangusha vingine. Vitambaa vyeupe vililala juu ya mablanketi mekundu. Shuka la mama lilirudi nyuma, lakini sasa walijua wawili lilipo. Ufunguo ukatundikwa msumarini. Mtoto alizaliwa pale pale kwetu, akafungwa katika shali yenye harufu ya mlima.

Mama alipofariki, nikiwa tayari mke wa mtu, sisi watoto tulikuwa tunalia ovyo, hatujui tuanzie wapi. Mama mdogo hakuuliza mtu. Aliingia, mlango wa kabati ukalia mara moja tu, akatoka na shuka. Alilikung'uta majani, akasema, "Twende, Paker."

Mimi nilianza na dumu moja la maziwa, nikiuza barabarani. Leo niko na nyumba ya mawe, na kabati za ukutani kila chumba. Mke wa mwanangu, Nekesa, msichana mwenye adabu kutoka magharibi, anafanya kazi Nairobi, na Jumamosi moja alinipangia yote. Nasema kweli, ilipendeza. Taulo zimeviringishwa, mashuka yamepangwa kwa rangi kutoka nyeupe hadi buluu, kila mtu na kikapu chake chenye jina. Majani yangu alikuwa ameyafagia, akidhani ni takataka. Sikukasirika. Lakini niliketi kitandani nikaona kwamba katika nyumba hii kubwa kila mtu anajua lililo lake, na hakuna hata mmoja anayejua langu.

Nikamwita. Nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikampa shuka langu jeupe, na leleshwa ambayo bado naagiza kutoka Kona Baridi. Nikamweleza ni la siku gani. Alilishika kwa mikono miwili.

"Mama, hii sasa tuiweke na rangi gani?"

"Achana na rangi. Iweke mahali mkono wako utafika bila kuuliza mtu."

Alifungua kabati, akafikiri kidogo, akasogeza buluu zake kando.