Plagi Zilizosuguliwa Mpaka Zikaisha

Mwaka ule niliendesha pikapu ya mama mmoja aliyeuza chakula cha kuku mjini Kisumu. Alikuja kutoka upande wa Nyeri akiwa msichana, akafungua duka, akazeekea hapa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiachia darasa la nane, na kusema mbele ya watu kulinishinda. Kuendesha gari hakuhitaji maneno mengi, ndiyo maana kazi ile ilinifaa.

Jumatatu nilipeleka mzigo Otonglo, Jumatano Katito, Ijumaa Kiboswa, juu kule ukishapanda mlima wa Riat. Pikapu nyingi za huku ni za dizeli, na dizeli haina plagi za kutoa cheche. Ile ya Mama ilikuwa ya petroli, tena ya tabo, yaani ilikuwa na feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Fundi wetu wa Mamboleo hakuwa amezizoea gari kama hizo. Hakuna mtu aliyekuwa amezizoea.

Petroli ilianza kuisha mapema. Tangi lililokuwa likifika Jumamosi sasa lilikauka Alhamisi. Mama aliniuliza mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili aliniuliza kwenye kituo cha petroli, mbele ya madereva wengine waliokuwa wakijaza.

"Kijana, hii petroli inaenda wapi?"

"Sijui, Mama."

"Gari inakunywa, au kuna mtu anakunywa?"

Madereva wakacheka. Mmoja akasema, "Wanyamazao ndio wanaonyonya, Mama. Angalia kama hana mpira wa kunyonyea petroli chini ya kiti." Nilitaka kumwambia Mama kwamba sijawahi kuuza hata kikombe kimoja cha petroli yake. Badala yake niliangalia viatu vyangu, na najua mtu anayeangalia viatu vyake anaonekana vipi.

Tangu siku hiyo nilichoka, wala si kwa kubeba magunia. Nilichoka kuamka nikijua kwamba nitatazamwa. Nikirudi, Mama alitoka dukani, akafungua mlango wa gari, akatazama mshale wa petroli, kisha akanitazama mimi. Afadhali angeuliza tena.

Lakini mimi nilijua gari linaumwa. Kwenye tambarare, njia ya Katito, lilikwenda vizuri tu. Likianza kupanda Riat na mzigo, nikikanyaga mafuta, lilikohoa, likatetemeka kama mtu mwenye malaria, na ile taa ya njano ya injini ikapepesa. Nikalazimika kurudisha gia na kukanyaga zaidi. Mama alipoliendesha mwenyewe lilikuwa tupu, kutoka dukani hadi kanisani. Hakuweza kusikia lolote.

Nililipeleka kwa fundi. Aliponiona aliwaita wenzake. "Omera, ndugu, bubu wangu amefika! Leo tutaongea kwa mikono?" Hata hivyo alikuwa mtu mwema. Nilipomwambia kwamba gari linakohoa mlimani, alitoa plagi zote nne, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, akaziosha kwa petroli. Halafu akapima nafasi ya pale cheche inaporukia kwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Hivyo ndivyo mafundi wote wa pale walivyofanya. Plagi haikutupwa. Ilisuguliwa, ikarudishwa, mwaka baada ya mwaka. Zetu alikuwa amezisugua mara tatu tayari.

"Plagi haifi," aliniambia. "Inachafuka tu, kama mtoto."

Ijumaa gari likakohoa vibaya zaidi.

Ndani ya kisanduku cha mbele kulikuwa na kitabu cha gari, kwa Kiingereza. Nilianza kukisoma wakati vijana wa Otonglo wakipakua magunia. Mimi husoma polepole. Ukurasa mmoja ulinichukua siku tatu, nikiuliza maana ya maneno kwenye simu. Kitabu kilisema kwamba injini yenye tabo hula plagi haraka, zibadilishwe katika nusu ya umbali wa injini ya kawaida. Zetu zilikuwa zimepita umbali huo zamani. Kilisema pia zisisuguliwe, kwa sababu ncha zake ni nyembamba na msasa huzimaliza. Na nafasi ya cheche iwe ndogo, kwa kuwa tabo ikisukuma hewa kwa nguvu huizima cheche, kama upepo unavyozima kiberiti. Cheche ikizimika, petroli inatoka bila kuungua.

Nilisoma sentensi ile ya mwisho mara nyingi. Huko ndiko petroli ilikokuwa ikienda.

Kumwambia Mama sikuweza. Nilijaribu asubuhi, nikasema tu, "Shikamoo," nikaenda kupakia. Jioni niliandika kwenye karatasi habari ya mlima na ya kitabu, mistari sita iliyonichukua saa nzima, nikaiweka juu ya mizani yake nikaondoka.

Ijumaa asubuhi alikuwa ameketi ndani ya pikapu, kiti cha abiria, mkoba mapajani. "Twende Kiboswa," akasema.

Tulipoanza kupanda Riat gari likakohoa. Likatetemeka. Mama akashika dashibodi kwa mikono miwili. Lori la mawe likatupita, dereva wake akitupungia.

"Haki! Inafanya hivi kila siku?"

"Kila siku yenye mlima na mzigo."

"Na mbona hukusema?"

"Niliandika, Mama."

Tulipokuwa tukirudi akaniambia nisimame Mamboleo.

Fundi alitoa plagi tena. Moja haikuwa na ncha kabisa.

"Lakini hizi mimi nilisafisha vizuri," akasema.

"Ulisafisha mpaka ukamaliza," Mama akasema. "Soma hapa kwenye kitabu. Au mpe kijana akusomee."

Fundi alinitazama. Nilimsomea, polepole, kidole kikiwa chini ya mstari, na hakuna aliyecheka. Aliagiza mpya kutoka mjini, za aina iliyoandikwa, akapunguza nafasi kama kitabu kilivyosema, huku akiguna kwamba Wajapani waliolitengeneza gari wanapenda kusumbua watu.

Wiki iliyofuata gari lilipanda Riat bila kukohoa. Jumamosi Mama alifungua mlango, akatazama mshale. Petroli ilikuwa bado ipo. Alisimama pale muda mrefu, mkono juu ya mlango.

Nilikuwa nimechoka kungoja. Sijui maneno yalipita wapi siku hiyo.

"Mama, mimi sikuiba."

"Najua," akasema. Alitazama barabarani. "Laiti ningejua mapema. Kabla hujaandika nilishatafuta dereva mwingine. Nilimwambia aje Jumatatu."

Nilifikiri amemaliza. Kisha akatoa simu.

"Nimpigie nimwambie asije?"

Aliniuliza kweli, kama mtu asiyejua jibu. Nadhani hata kama ningekataa kubaki, angekubali. Nilifikiria mlima wa Riat, na madereva wa kituoni, na nyumbani, ambako hakuna kazi nyingine.

"Mpigie," nikasema.

Alipiga hapo hapo, karibu nami. Alimweleza kwamba mambo yamebadilika, na kwamba asamehe. Sauti ya upande wa pili haikuuliza kwa nini. Ilisema tu, "Sawa, Mama," taratibu sana, vile ambavyo mimi ningesema.

Mama akakata simu, akarudi dukani. Mimi nilikaa ndani ya pikapu bila kuliwasha gari, nikimfikiria yule mtu nisiyemjua.