Nilitaka kuuza juisi ya ndizi nyumbani kwangu Gitega. Yaliyompata dada yangu huko Muyinga yamenisimamisha

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena. Leo nautuma ulivyo. Sitatia chumvi, maana yaliyotokea yenyewe yanatosha.

Mimi ni mwanamke, naishi Magarama, mjini Gitega, Burundi. Nilikulia kambini Kigoma, kwa hiyo msishangae Kiswahili changu. Tuliporudi nchini, dada yangu Odette aliolewa Muyinga, mimi nikabaki huku. Mume wake alishafariki. Ana watoto, mdogo kabisa ni wa kike, anaitwa Neema.

Nimeajiriwa kwenye duka la vyombo la Bwana Karimu, Mwislamu wa asili ya Kihindi, familia yao ina duka hapa tangu enzi za babu yake. Si bosi mbaya. Lakini nimechoka kusimama kutwa nzima nikiuza sufuria za mtu mwingine, nataka kitu changu.

Odette alikuwa anatengeneza umutobe nyumbani kwake. Kwa wasioujua, ni juisi ya ndizi, haina kilevi. Ndizi mbivu zinakandwa na majani mpaka zitoe maji, unachuja, basi. Huku walokole hawanywi bia, kwa hiyo harusi zao, ubatizo wao, yote ni umutobe. Soko lipo, rent hulipi, jiko ni lako. Nani asingetamani?

Nikaenda Muyinga kujifunza.

Dada alinipokea kwa furaha, mikono yote imejaa ndizi. Akanionyesha kila kitu, ila kuna jambo moja alilirudia mpaka nikaboreka.

"Hapa hujaonja, hujauza," aliniambia. "Mteja akija kunywea hapa, unamimina, unapiga funda moja mbele ya macho yake, ndipo unampa. Hata kama ni shemeji yako."

Wakuu, sijui kwenu. Huku watu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa malaria. Anayetoa kinywaji anaonja kwanza, ni adabu, kama kubisha hodi. Hakuna anayekasirika. Niliona wateja wanamwangalia Odette akimeza, halafu wanapokea, wanacheka, maisha yanaendelea.

Nikarudi Gitega nimeiva. Bwana Karimu akaniwekea pembeni friji moja ya zamani.

"Iko nzuri, inapiga baridi sana," akasema. "Mi siuzie mtu mwingine. We ukijipanga, beba."

Nilikuwa nimeshachagua hata pembe ya sebule ya kuiweka. Nacheka nikikumbuka, lakini si kicheko cha raha.

Sasa ndio nifike kwenyewe.

Kanisa la Odette liliingia kwenye mfungo. Dada yangu akifunga, amefunga, hata mate anayafikiria mara mbili. Akaamua wakati wa mfungo auze ya kubeba tu, watu wakanywee makwao.

Akaja jirani yake, Mzee Silvesta, katoka kuchimba shamba, kiu imemkamata. Akataka anywe pale pale. Odette akammiminia. Akamwambia, "Mzee, leo siwezi kuonja, nimefunga."

Mzee akacheka, akamwambia kama ni sumu basi watakutana huko huko mbinguni. Akanywa yote. Wanawake wawili waliokuwa wanasubiri zamu yao walisikia kila neno.

Mzee akaenda kwake. Tumbo likamshika, akapelekwa hospitali, akafia huko. Daktari aliwaeleza wanawe kwamba ni kidonda cha tumbo cha muda mrefu, kimepasuka. Na kweli yule mzee alikuwa analalamikia tumbo tangu mimi sijamjua.

Lakini daktari hakuwepo kwenye ule uwanja wa Odette. Wale wanawake wawili walikuwepo.

Dada akanipigia. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia tu, "Njoo, wameitisha mkutano."

Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani, mabasi machache, nikafika nimechelewa na mkutano umeshaanza, pale nje ya nyumba yake. Chef wa kilima, yaani kiongozi wa kijiji, amekaa kwenye kiti, watu wamesimama. Mtoto mkubwa wa marehemu ndiye aliyekuwa anaongea.

"We kila siku unaonjaka," akamwambia Odette. "Ile siku ya papa yangu, ukakatala. Juu ya nini?"

"Nilikuwa nimefunga. Ulizeni kanisani."

"Mwenye kufunga anauzaka juisi? Bon, funga na biashara yako pia!"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Hapo ndipo Odette alipoingia ndani akatoka na jagi. Ulikuwa ni umutobe uliobaki wa siku ile, umeshachacha. Akanywa mbele yao wote, mpaka chini, mwingine unamwagikia kwenye kitenge. Halafu akasimama anawaangalia.

Nilidhani imeisha. Nilidhani sasa wataona aibu, waende makwao.

Mama mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu aliyekuwa anaazima chumvi kwa dada yangu, akasema taratibu, "Huyu iko na dawa yake. Anakunywa, hafi."

Wakuu, mtu ajitetee vipi hapo? Angekataa kunywa, ni mchawi. Kanywa hajafa, ni mchawi zaidi. Nikataka kusema, Odette akanishika mkono.

Chef hakumhukumu. Alisema hana ushahidi, watu wasijichukulie sheria mkononi. Maneno mazuri. Lakini hakuna aliyenunua tena kwa Odette, na watoto wake wakawa wakifika mahali wenzao wanaitwa ndani. Siku moja akatoka ibadani akakuta majagi yote yamevunjwavunjwa na yamepangwa mlangoni. Yamepangwa, wakuu, kwa utulivu kabisa. Nikamwambia afunge mizigo aje kwangu.

Sasa wako hapa Magarama. Odette hana tatizo la kazi, anafua, anapika, anadeki hadi pasipo na uchafu. Juzi akaniambia, "Tuanze. Huku hawanijui. Wewe utakuwa unaonja, mimi nakanda tu."

Nikawaza sana. Ujuzi tunao, friji ipo, na ndizi za Giheta zinaletwa hadi sokoni. Na dada yangu anahitaji kitu cha kufanya kuliko mimi. Nilikaribia kusema ndiyo.

Jana Neema akaja kutoka kucheza, anahema, akaomba maji. Nikamchotea kwenye kikombe, nikampa. Akakishika kwa mikono miwili. Hakunywa. Akaniangalia usoni.

"Mama mudogo, we onja kwanza."

Nikaonja. Akaangalia koo langu linavyomeza, akasubiri kidogo, ndipo akanywa.

Odette alikuwa mlangoni, ameona yote. Akageuka akaendelea kufagia mahali alipokwishafagia.

Leo asubuhi nilimwambia Bwana Karimu aiuze ile friji. Akaniuliza, "Iko na shida?" Nikamwambia haina shida.

Nilichojifunza mimi, ndugu zangu: watu wanasifia biashara ya nyumbani kwa sababu hulipi pango. Hawakwambii kwamba duka likiharibika unafunga mlango unarudi nyumbani. Biashara ikiharibikia nyumbani, unarudi wapi? Jina lako, jiko lako, wanao, vyote vinakuwa bidhaa moja na watu wanaisusa kwa pamoja.

Simkatazi mtu. Mwenye moyo aanze. Mimi kwa sasa nimeshindwa, na dada yangu hajanisemesha tangu asubuhi.

Waliofanya biashara ya chakula nyumbani wakazushiwa mambo wakavuka salama, leteni ushauri, hata wa kunisema nitaupokea. Ila kabla ya yote, mwenye mtoto anisaidie hili: huyu Neema nimwambie nini, ili anywe maji bila kuniangalia koo?