Mayai ya Kuku Aliyeachwa

Jirani yetu Mrundi alipopata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, aligawa vitu vyake kama watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wanavyofanya siku zao za kuondoka zikifika: godoro kwa huyu, sufuria kwa yule, hata mlango uling'olewa ukaenda kwa mtu wa kanisani kwake. Mama yangu alipewa kuku jike, mwekundu mwenye shingo tupu, mkali kwa watoto. Jirani alimleta mwenyewe, kambeba kifuani.

"Ndege haichukui kuku," alisema. "Ukimwona huyu, umeniona."

Nilikuwepo, na niliona ni maneno tu. Kuku ni kuku. Lakini sikusema, maana nilijua wanawake wale wawili walikuwa nini. Mama ni Mwislamu wa Kindu, kule Kongo. Jirani alikuwa mkulima wa vilima vya Burundi na msomaji wa Biblia. Waliishi wakitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo tangu nikiwa mdogo. Mwezi wa Ramadhani jirani alihamisha jiko lake upande wa pili, ili harufu ya maharage isimfikie Mama mchana.

Mwaka wa pili tangu aondoke, simu ya mwanawe ilileta habari kwamba amefariki huko huko, na ameshazikwa. Mama hakulia mbele yetu. Alichukua pumba, akatoka kwenda kumlisha kuku.

Kisha mbwa akamuua yule kuku. Alikuwa bado anataga, hajaanza kulalia. Mama aliyakusanya mayai kwenye beseni, akaliweka chini ya kitanda, akakataza mtu kuyagusa.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha uani Area 18, mjini Lilongwe. Nimesoma fizikia chuo kikuu, na kazi niliyoipata ni kufundisha hesabu watoto wa watu Area 47, nyumba hadi nyumba. Mikono ikikosa la kufanya huwa situlii, kwa hiyo nilikuwa nimejitengenezea kiangulio: boksi jeupe la kusafirishia samaki, balbu, feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, na kifaa cha kuzima na kuwasha joto. Nilishaangua vifaranga mara mbili kwa mayai ya kununua. Mama alikiita kuvezi, kama kile alichokiona hospitalini, wanamowekwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Alinipigia. "Ile kuvezi yako, inaweza kulalia mayai ya marehemu?"

"Mama, marehemu hakutaga."

"We, usinichezee. Inaweza ao haiwezi?"

"Inaweza."

"Basi kuja uchukue."

Nilipofika, mayai yalikuwa yamepangwa kwenye ndoo, ndani ya pumba za mahindi, yanang'aa kama meno. Juu yake palikuwa na kipande cha makaa kimefungwa kwenye kitambaa.

"Hii ya nini?"

"Ya radi. Radi ikipiga bila makala, batoto bananyamaza ndani ya yai."

"Radi na makaa vinajuana wapi?"

"Na we na radi munajuana wapi? Weka ndani." Kisha akatoa yai moja zaidi mfukoni, limepakaa majivu na kinyesi kikavu. "Hii nimeiokota sasa hivi nyuma ya jiko, alikuwa ameficha. Iko chafu, sikupata nafasi. Usimuonyeshe yule mama mwenye nyumba."

Nilibishana naye kuhusu makaa mpaka kabaza aliyekuja kunichukua kwa baiskeli akaanza kucheka. Niliuliza yamezuia radi gani, nani amehesabu, mbona kuku wa porini wanaangua bila makaa. Sikuuliza kwa nini mayai ya kuku aliyekuwa akilala majivuni yanang'aa vile.

Makaa niliyaweka, pembeni, mbali na balbu. Mama mwenye nyumba alikuja kutazama, akashika kiuno.

"Iwe! Mayai yanakula umeme, mimi napikia mkaa?"

"Zikomo, amayi," nilimwomba radhi. "Ni ya mama yangu."

"Mayai unalalia ya mama yako. Na ya kwako utalalia lini?"

Tulicheka. Baada ya hapo alikuwa akipita asubuhi kuuliza wajukuu wake wameamkaje. Niliyageuza mayai mara kwa mara, na umeme ulipokatika nilizungushia chupa za maji ya moto na blanketi. Wiki ya kwanza nilijifunika shuka nikayamulika kwa tochi ya simu. Karibu yote yalikuwa na mishipa myekundu iliyosambaa kama mizizi, na katikati nukta inayotikisika. Nilimpigia Mama nikamwambia wapo hai. Akasema, "Alhamdulillahi. Mupashe joto vizuri."

Alasiri moja radi ilipasuka juu ya Lilongwe, mabati yakatetemeka. Simu ikalia hapo hapo.

"Makala iko ndani?"

"Iko, Mama."

Siku zilizofuata chumba kilianza kunuka. Nilipomulika tena, mishipa ilikuwa imekatika. Badala yake pete ya damu, au giza linalocheza kama maji machafu. Nilitoa moja, kisha mengine. Joto lilikuwa sawa, nililipima kwa vipimajoto viwili. Unyevu ulikuwa sawa. Nilivunja yai moja uani, mama mwenye nyumba akaziba pua kwa chitenje bila utani wowote. Nilikaa na simu nikisoma, mpaka nikafika mahali palipoeleza kwamba ganda la yai lina matundu, na juu yake kuku huacha utando mwembamba unaoyaziba. Yai likioshwa, utando huondoka na uozo hupata njia.

Nilitazama lililobaki kwenye boksi. Lilikuwa lile la majivu. Siku zilipotimia, ndilo pekee lililotoboka. Kifaranga alitoka taratibu, ameloa, shingo tupu.

Nilimpeleka Dzaleka kwenye kiboksi cha viatu. Mama alimtazama shingo, akakaa chini kwenye mkeka.

"Na bengine?"

Ningeweza kusema ni radi. Angeamini, na angelala. Nimetumia miaka mingi kuwaambia watu kwamba uongo wa kutuliza ni uongo tu, na pale mkekani nilitamani nisiwe nimewahi kusema hivyo.

"Uliyaosha, Mama?"

"Kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Moja moja. Nilisema batu ba muji bataona mayai ya bakimbizi, machafu." Akaniangalia. "Njo ile iliyaua?"

Nikamweleza matundu na utando.

"Njo mi niliua."

"Hukujua."

"Sikukuuliza kama nilijua." Alinyoosha mikono yake, akaitazama. "Nilizigeuza polepole, kama vile banaogesha maiti. Yeye, kule ng'ambo, hata sijui nani alimuosha."

Kifaranga alikuwa akilia peke yake, sauti nyembamba isiyokoma. Mama alimchukua, akamgeuza, na sote tukaona: mavi yalikuwa yamekauka na kumziba nyuma. Kifaranga akiachwa hivyo hawezi kunya, na hufa.

Mama alivuta bakuli la maji, akachovya ncha ya kitambaa. Kisha mkono ukasimama hewani, kitambaa kikidondosha maji juu ya mkeka.

"Na huyu?" aliuliza. "Huyu nisimuoshe?"

"Huyo muoshe, Mama. Pale pale tu. Halafu umkaushe."

Aliosha. Ilichukua muda mrefu, maana alikuwa anaogopa. Alipomaliza alimfunga ndani ya kitenge, kifuani, na baada ya kitambo kile kilio kikakoma.