Gari Lililosalimu Mara Tatu

Saa tatu asubuhi, Ijumaa, Ipogolo. Paskalina Mgimba amesimama kando ya barabara, koti kuukuu la jeshi juu ya kanga, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Anatazama pikapu ya bluu ikianza kupanda mlima kwenda Iringa mjini. Kwenye usukani yumo Sajini Edmund, mkaguzi wa magari. Nyuma kuna magunia sita ya viazi. Chini kabisa, ambako macho ya wapita njia hayafiki, kuna springi, bushi na shokamzoba ambazo mwanamke huyu amezifunga kwa mikono yake.

Gari likirudi bila kasoro, Paskalina ataandika jina lake mwenyewe kwenye cheti cha ukaguzi wa gari, mahali pa fundi. Likirudi na kasoro, karakana yao itafungwa leo hii. Sajini alikwisha kusema, na si mtu wa kurudia maneno.

"Boliti zote nimezikaza mara mbili," anasema, macho hayabanduki mlimani. "Hakuna iliyolegea. Nimeziangalia."

Nyuma yake, kwenye kigoda mbele ya kibanda cha mabati, ameketi mumewe, Liberatus Kalinga. Hatazami chochote, kwa sababu haoni. Mwaka 1952 betri ya lori ilimlipukia usoni, na tangu siku hiyo dunia yake ni ya masikio na vidole.

Liberatus alijifunza ufundi jeshini wakati wa vita. Aliporudi nyumbani akafungua karakana hapa, chini ya mlima, mahali ambapo magari yanayotoka Mbeya hukata tamaa kabla ya kupanda. Paskalina alikuwa akimkabidhi spana. Miaka sita ya kukabidhi spana si shule ndogo. Ajali ilipotokea, alilala chini ya gari mwenyewe, na mume akawa anamweleza kutoka kwenye kigoda.

Hiyo ni miaka minne sasa. Mama huyu wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, amefanya kazi yote, na jina lililotajwa barabarani lilikuwa la mumewe. Madereva walisema wanapeleka gari kwa Liberatus.

"Walikuwa wanaona miguu yangu imetokeza chini ya gari," anasema akicheka, "wanadhani mke wa fundi ameingia kuokota kitu kilichoanguka."

Kazi yenyewe si ya kunenepesha mtu. Wiki nzuri huingia magari matatu. Wiki mbaya huingia moja, nalo limesukumwa. Wateja wengine hulipa kwa debe la mahindi. Msimu wa mvua Paskalina hulala kwenye tope, gunia chini ya mgongo, maji yakimchuruzikia shingoni. Alipata kichomi mara mbili, na mara zote mbili alirudi kazini kabla ya kupona.

Siri yao ilifichuka mwezi uliopita. Sajini Edmund alileta cheti kimoja kitiwe sahihi, Liberatus akashika kalamu, akaandika kwa madaha yake yote ya kijeshi. Sahihi ilianzia kwenye karatasi ikaishia mezani. Sajini akaitazama meza kwa muda.

"Mzee, wewe huoni," akasema. "Kuanzia leo anayefunga ndiye atakayetia sahihi, na siku ya majaribio atasimama hapa nimwone. Kama hayupo fundi, hakuna karakana."

Jumatatu ya wiki hii ndipo likaja gari la bluu.

Mwenye gari ni Sedekia Mwakatobe, mfanyabiashara wa Uyole, Mnyakyusa mnene mwenye kicheko cha karibu. Yeye na Liberatus walikuwa kikosi kimoja, kwa hiyo Paskalina ni shemeji yake. Sedekia husomba viazi kutoka Uyole hadi soko la Iringa kwa gari lililotengenezwa mwaka 1938, na sokoni gari hilo lina jina. Wanaliita Kamwene.

Kamwene ndiyo salamu ya Wahehe. Jina lilikuja hivi: kila Sedekia alipofunga breki sokoni, pua ya gari ilishuka, ikainuka, ikashuka, ikainuka, ikashuka tena, kama msichana anayewapigia goti wakubwa. Wanawake wa sokoni walipendezwa mno, wakawa wanaitikia. Gari la Mnyakyusa lina adabu za Kihehe, walisema, na viazi vyake vikawa vinaisha kabla ya vya wengine.

Kwa hiyo Sedekia alipoliingiza gari karakana alikuwa na agizo moja. "Shemeji, mimi nataka cheti tu. Pakaza grisi, gonga gonga hapa na pale. Ila ile salamu yake usiiguse kabisa. Ndiyo inayoniuzia viazi."

Paskalina alisogea mbele ya gari, akaegemeza uzito wake wote juu ya bawa la gurudumu la mbele, akalikandamiza, akaliachia. Gari likanesa. Akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, na kidogo.

"Shemeji," akasema, "mimi nimelelewa Kihehe. Mtoto mwenye adabu hupiga goti mara moja, akaitikiwa, akainuka. Anayepiga goti mara tatu mfululizo, huyo anaumwa magoti."

Akamweleza kwamba shokamzoba, kile kifaa cha mafuta kinachoizuia springi isicheze hovyo, zilikuwa zimekauka zote mbili. Sedekia akanuna. Akasema gari limemsalimia hivyo kwa miaka miwili na halijamwangusha.

"Na halikuvuti upande ukifunga breki?"

Sedekia akakuna kidevu. Akakiri kwamba wiki iliyopita, akikaribia Mafinga, gari lilimvuta hadi kwenye majani, akasimama hatua mbili kutoka korongoni. Hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe Tusajigwe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Paskalina alirudi nyuma hatua kumi, akalitazama gari lilivyosimama, akaona bega la kushoto limeinama upana wa vidole vitatu. Akapitisha kiganja juu ya tairi, akakuta limelika mabonde mabonde. Liberatus naye akaomba gari lipitishwe polepole juu ya gogo. Likalia ko! ko! Akainamisha kichwa, akasikiliza mara mbili.

"Kulia," akasema. "Springi ya kulia imevunjika."

Paskalina alikwisha kuingia chini. Kwenye springi ya kushoto, ambayo ni mabamba ya chuma yaliyobebana, baina ya bamba la pili na la tatu, aliona mstari mwembamba wa vumbi jekundu, kutu mpya ya chuma kinachosagana. Akaingiza ncha ya mtaimbo kwenye tundu la springi, akabinya. Bushi, ile pete ya chuma ndani ya tundu, ikacheza kama jino la mtoto.

"Ni kushoto, Baba Severina," akamwambia mumewe.

Anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Tangu apofuke sikuwahi kumpinga mbele ya mteja. Nilijisikia vibaya kama nimemnyang'anya fimbo yake. Lakini vumbi nililiona."

Liberatus alikaa akipapasa goti lake. Kisha akasema, "Mimi nasikia. Wewe unaona. Fungua unapoona wewe."

Alipofungua, bamba la tatu la kushoto likatoka vipande viwili. Bushi zote nne za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja, nyembamba kama ukucha. Springi ya kulia haikuwa imevunjika popote. Sauti ilikuwa imesafiri kwenye ekseli ikamdanganya mzee.

Jumanne Sedekia akapanda basi kurudi Mbeya kutafuta shokamzoba mpya. Paskalina akafunga pini ya springi ndani ya kitambaa, akampa dereva wa lori la mbao ampelekee Kasian, mchonga vyuma wa kiwanda cha mbao Mafinga, amchongee bushi za shaba za kipimo kile. Akaomba na bamba la springi kutoka gari bovu la aina ile ile lililoachwa nyuma ya kiwanda. Jumatano jioni lori likarudi na vyote, pamoja na salamu za Kasian kwa Fundi Liberatus. Paskalina akazipokea kwa niaba yake.

Sedekia aliporudi na shokamzoba, akauliza kwa nini abadilishiwe bushi za kulia, na ugonjwa uko kushoto.

"Ukimnunulia mtoto kiatu kimoja kipya atachechemea," akajibiwa.

Alhamisi kutwa nzima gari lilikuwa juu ya magogo, halina magurudumu ya mbele. Bushi ziliingizwa kwa nyundo juu ya kipande cha mti mgumu, ili shaba isipasuke. Springi zikapangwa bamba kwa bamba. Shokamzoba zikafungwa. Kisha gari likashushwa, likapakiwa viazi, na Paskalina akarudi chini kukaza boliti zote upya. Anasema boliti za springi hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake, mzigo ukiwa mgongoni. Mafundi wengi husahau hilo, na barabara huwakumbusha.

Sasa ni saa nne kasoro. Wapita njia wameongezeka, na malori mawili yamesimama, madereva wake wakijifanya wanapoza injini. Gari la bluu linatokea kona ya mwisho likishuka kwa kasi kubwa kuliko Sedekia, aliyesimama kati ya watu, anavyoweza kuvumilia. Anafumba macho. Linapita mashimo karibu na daraja la Ruaha Mdogo, halilii. Mbele ya karakana Sajini anafunga breki kwa nguvu.

Gari linasimama limenyooka. Pua inashuka mara moja, inainuka, inatulia.

Sajini anashuka. Anakandamiza bawa la kulia, anakandamiza la kushoto. Anatandika gunia, anaingia chini na mtaimbo. Dakika kumi nzima zinapita zikionekana viatu vyake tu. Paskalina anasimama mahali alipoambiwa asimame. Midomo yake inacheza. Baadaye alisema alikuwa anasali rozari, akapotea kwenye hesabu.

Sajini anatoka, anajipangusa magoti.

"Nani amefunga hii springi?"

Madereva wawili, kwa mazoea, wanaonyesha kidole kigodani. Liberatus anasimama. "Msinionyeshe mimi," anasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Mimi nilisema kulia. Mke wangu angenisikiliza, saa hizi Sajini angekuwa mtoni na viazi vyake."

Watu wanacheka, na Sajini naye, kidogo. Anafungua mkoba, anatoa cheti, anakiweka juu ya boneti. "Andika hapa, fundi," anamwambia Paskalina.

Anajipangusa mkono kwenye koti, anaandika polepole jina lake lote. Sedekia anamshika mikono miwili, "Ndaga, shemeji, ndaga fijo," anamshukuru kwa Kinyakyusa, na macho yake yamelowa. Viazi, anasema, atatafuta namna nyingine ya kuvisifia. Paskalina anampelekea mumewe karatasi na kumsomea. Liberatus anamwomba asome tena. Anasoma tena.

Kabla gari la bluu halijaondoka, dereva wa lori moja ameuliza kama mama fundi ana nafasi Jumatatu. Sedekia ameahidi kuwaambia wenye magari wote wa Uyole.

Mpango wa Paskalina ni kuchimba shimo la kufanyia kazi, la kusimama ndani yake gari likiwa juu, lenye kuta za mawe na bati la kuzuia mvua. Amechoka kulala kwenye tope. Anataka liwe tayari kabla ya masika.

Mwandishi wa habari hii alipopita tena Jumamosi asubuhi, Liberatus alikuwa ameshika jembe, udongo umemfika magotini. Alisema kuchimba hakudai macho. Alikuwa ameacha kuchimba kwa sababu ya swali moja tu: kina kiwe cha kimo chake, kama alivyokuwa ameota zamani, au vipi.

"Mimi ni mfupi," Paskalina akamwambia. "Likiwa la kimo chako sitafikia springi."

Liberatus akaomba kamba. Akampima mkewe kutoka kisigino hadi utosini, akafunga fundo, akaikata hapo.