Picha Isiyong'arishwa

Kaka yangu ni mpiga picha, na mtaa mzima unamwita Mzee Ng'arisha. Ukiingia studio yake mweusi, pichani unatoka mweupe, tena bila kuomba. Kwake hiyo ni adabu tu, sawa na kumpa mgeni kiti. Ukutani pake wamejaa mabibi harusi wa rangi moja, utadhani wote wamezaliwa tumbo moja.

Juzijuzi binti yake alirudi kutoka chuoni na mchumba, kijana mpole, mweusi tii. Kaka alimpenda palepale. Kisha akaninong'oneza, "Huyu nitamshughulikia kwenye picha." Binti akasikia.

"Baba, ukigusa rangi yake, harusi yangu atapiga picha mtu mwingine."

Akatuhutubia kuhusu ubaguzi, utumwa wa akili na watu waliozaliwa wakakuta kila kitu kimeandaliwa. Alisema mambo ya maana kabisa, huku amenyoosha mguu, dada wa kazi anamfunga kiatu. Nilikohoa, lakini nani wa kumsikiliza shangazi?

Mpiga picha ambaye bintiye ameolewa mbele ya kamera ya jirani bora afunge duka akauze karanga. Kaka akaapa hatagusa kitu.

Harusi ikapita. Siku ya kutengeneza picha kubwa ya kuweka dirishani, nilikaa naye mbele ya kompyuta. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kung'arisha, akaurudisha, ukaenda tena. Mwisho akaukalia.

"Dada, naona kama namtoa mtu nje hajavaa," alisema.

"Mazoea yana taabu," nikamjibu. Nilimhurumia kweli.

Maharusi walipokuja kuiona, mkwe alicheka kwa furaha. "Leo nimejiona. Ahsante, Baba." Kaka akashusha pumzi.

Binti hakucheka. Aliisogelea picha, akarudi nyuma, akaisogelea tena. Akatazama ukutani, kwenye picha zake za utotoni, za shule na za mahafali, zote zinang'aa kama sahani za wageni.

"Baba, mbona mimi umenifanya mweusi hivi?"

"Sijakugusa, mwanangu."

"Basi taa ilikuwa mbaya."

"Taa ilikuwa nzuri."

Ndipo nilipoelewa. Tangu azaliwe, mtoto huyu hakuwahi kutoka kwenye studio ya baba yake akiwa na uso wake mwenyewe. Aliyekuwa dirishani alikuwa mgeni kwake.

Alimwinamia baba yake sikioni, lakini chumba ni kidogo, sote tulisikia. "Upande wangu tu, Baba. Kidogo."

Mkwe akajifanya anakagua fremu. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha, na moyo uliniuma.

Kaka yangu, ambaye hajawahi kumkatalia mteja ombi hilo, alimtazama mkwe wake, akavuta kiti, akaukalia tena mkono wake.