Namba Saba Nyuma ya Pazia

Siku walimu walipomchagua kuwa mratibu wa tathmini, Mama Bomba, mwalimu wa ufundi bomba, hakuwepo kikaoni. Alikuwa amepiga magoti chini ya sinki la ofisi ya mkuu wa chuo, shavu limegusa ukuta, anakaza nati iliyokuwa ikidondosha maji kwenye zulia. Na pale chuoni, jamani, mtindo ni mmoja: kazi isiyotakiwa na mtu hupewa asiyekuwepo. Waliopo hunyoosha mikono, hupiga makofi, kisha huenda kunywa chai. Aliporudi na sketi imelowa, akakuta pongezi zinamsubiri mlangoni.

"Hongera, mratibu," alisema Spana, mwalimu wa ufundi magari, meno yote nje.

"Mratibu wa nini tena?"

"Hata sisi hatujaelewa vizuri. Ila ni heshima kubwa sana."

Heshima gani! Agizo lilikuwa limekuja kwamba kila kozi, iwe ya bomba, ya magari au ya ushonaji, ipime pia stadi za jumla: mwanafunzi aweze kueleza jambo likaeleweka, aweze kufikiri, kukokotoa na kufanya kazi na wenzake. Alama ni moja hadi nne, na kipimo kiwe kilekile kwa walimu wote. Mama Bomba alianza na stadi ya kueleza, maana ndiyo aliyoiona rahisi. Masikini, hakujua.

Mkuu wa chuo alimwita akamhutubia mpaka chai yake ikapoa. Kwa bahati nzuri sentensi ya mwisho ilieleweka: zoezi likienda vizuri, "suala la mkataba wako litaangaliwa kwa jicho la kipekee." Mkataba wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja na unaisha mwisho wa mwezi. Mama Bomba aliipenda kazi ile kupita kiasi. Miaka mingi alitambaa chini ya masinki ya watu wasiomjibu hata salamu, wanaomwonyesha bafu kwa kidole kisha wanarudi kwenye televisheni. Sasa vijana wakimwita "mwalimu" koridoni, anatembea kifua mbele siku nzima. Kuurudia ule utambazi? Hata kidogo!

Jaribio la kwanza lilikuwa kituko. Walimu watatu, yeye, Spana na Bibi Sindano wa ushonaji, walimsikiliza kijana mmoja wa bomba. Kijana alisimama, akatoa macho, akatokwa jasho, hakusema neno.

"Nne," alisema Spana. "Huyu ni mtu wa vitendo. Mimi mafundi wenye maneno mengi siwaamini."

"Moja," alisema Bibi Sindano. "Shati halijapigwa pasi."

"Bibi, tunapima maneno, si shati!"

"Na mimi nasema shati lilinizuia kusikia."

Mama Bomba alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Uchovu ule ukamfanya aanze kupima familia. Mumewe alipoeleza kwa nini hakununua sabuni, akaanza na mvua, akapitia kwa fundi viatu, akaishia kwenye habari za binamu yake, mkewe akamwambia, "Baba watoto, mbili. Nimesikiliza yote na sabuni sijaiona."

"Na mimi kwenye ushirikiano nakupa moja," mume akajibu. "Kitanda hujatandika tangu uwe mratibu." Kisha akamtazama vizuri akaacha utani. "Mke wangu, usije ukamwaga unga kwa ajili ya hizi alama. Kuwa mpole huko."

Akaahidi kuwa mpole. Kesho yake akaja na wazo la pazia.

Bibi Sindano alilishona la bluu, refu kutoka ukuta hadi ukuta. Walimu wakae upande huu. Mwanafunzi aingie kwa mlango wa nyuma, aitwe kwa namba badala ya jina, asimame upande ule na kuongea dakika chache kama anaongea na mteja: tatizo ni nini, na mteja afanye nini. Hakuna sura, hakuna shati, hakuna mtoto wa fulani. Mkuu wa chuo mwenyewe alisaini kanuni: alama ikishatolewa haibadilishwi, na anayefeli anarudia.

Na likafanya kazi! Namba sita alikuwa binti mwenye sauti kavu: "Mama, choo chako kimeziba, kuna tambara ndani. Msikitumie leo. Nakuja na waya, kesho kitakuwa sawa." Walimu wote watatu wakasema "nne" kwa pamoja, wakatazamana wasiamini masikio yao. Mama Bomba nusura amkumbatie Spana, na Spana hakumbatiki, ana grisi mpaka masikioni.

Zamu ya namba saba ikafika. Kumbe namba saba aliingiwa na hofu, akaingia mitini. Walimu hawakujua. Wakasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, mtu anakohoa, sauti nzito ya mafua inasema, "Samahani kwa kuwaingilia..."

"Hapa hatuombani samahani," Spana akamkata. "Namba saba, anza."

Mtu yule hakuwa na tabia ya kukataa akiambiwa azungumze. Akaanza.

"Awali ya yote, niwashukuru kwa fursa hii. Kama tunavyofahamu, taasisi yetu imekuwa ikipitia vipindi mbalimbali. Katika muktadha huo, pamejitokeza changamoto ya kimiundombinu, ambayo, kwa namna moja ama nyingine, inagusa mfumo mzima wa majisafi, na hivyo inatulazimu, kama wadau, kuona namna bora ya kuliendea jambo hili kwa haraka inayostahili..."

Akaendelea. Wala hakuna aliyeshtuka, maana wanafunzi wote wa pale wakitaka kuonekana wasomi huongea hivyohivyo. Wameyapata gwarideni kila Jumatatu. Spana alipiga miayo. Bibi Sindano alianza kufuma. Dakika zilipoisha, sauti ilikuwa bado kwenye wadau.

"Muda!" alisema Spana. "Moja. Mwanangu, hata gari bovu huwa linafika mahali."

"Moja," alisema Bibi Sindano. "Pole na mafua, lakini hujasema kitu."

Mama Bomba alitafuta upole aliomwahidi mumewe. "Kijana wangu, mimi ni mteja wako. Nimekusikiliza mpaka mwisho na sijui kama ninyanyuke au nikae. Moja. Nenda ukajipange, urudi."

Mara maji kutoka mlango wa nyuma yakapita chini ya pazia, taratibu, yakalowesha viatu vya Bibi Sindano. Spana akavuta pazia.

Mtume! Mkuu wa chuo alikuwa amesimama pale, leso puani, suruali imelowa mpaka magotini.

"Nilikuwa nasema," alisema, "kwamba sinki langu limepasuka."

Mama Bomba alichomoka mbio hadi koki kuu, akaifunga, akaenda ofisini kwa mkuu na kuzama chini ya sinki kama siku ile ya uchaguzi. Juu ya meza aliona bahasha yenye jina lake, imelowa pembeni. Mara spana ikamponyoka mkononi.

Mkuu alikuja akasimama juu yake. "Mratibu, zile alama zifutwe. Mimi sikuwa mtahiniwa."

Hapo ndipo pa kuwa mpole. Maneno yote ya upole yalimjia: sawa mkuu, samahani mkuu, yameisha. Lakini angefuta alama ya mkubwa, kesho angemwambia nini yule kijana asiyepiga pasi?

"Haifutiki, mkuu," alisema, bado yuko chini. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ulisaini mwenyewe. Ungesema tu sinki limepasuka, ofisi yako isingelowa. Anayefeli anarudia."

Aliona viatu vya mkuu vinageuka, vinaondoka vikitoa maji kila hatua. Basi, akajua unga umeshamwagika. Akakaza nati mpya huku analia, akaondoka zake.

Kesho yake walimalizia waliobaki. Mama Bomba alikaa nyuma ya pazia ameshika tama, hasikii vizuri. Wa mwisho alipotoka, mlango wa nyuma ukafunguliwa tena. Mtu akakohoa.

"Namba saba. Nimekuja kurudia." Akavuta pumzi. "Mwalimu, sinki limepona. Mkataba wako nimeusaini. Asante."

Basi. Akanyamaza.

"Nne," alisema Bibi Sindano, na sindano zimesimama hewani.

"Nne," alisema Spana. "Tena na nusu, kama ingekuwepo."

Wakamgeukia Mama Bomba. Alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Akafunga, akafungua tena. Machozi yanamshuka, kamasi zinamshuka, na yeye amenyanyua vidole vinne kuelekea kwenye pazia, ambako hakuna anayeviona.

"Mwalimu, mwanafunzi anasubiri," sauti ya mafua ilisema kwa wasiwasi.

Spana alimtazama mratibu wake, akatikisa kichwa.

"Mkuu, umefaulu," alisema. "Huyu hapa ndiye atakayerudia."